Dhahabu kwanza, jumla, au nafasi nane za juu? Ulinganisho kwa dawati la michezo

Tarehe 6 Agosti 2024, katika uwanja wa Stade de France, wanawake walikimbia fainali ya Olimpiki ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Winfred Yavi wa Bahrain alimaliza kwa dakika 8:52.76, rekodi mpya ya Olimpiki. Peruth Chemutai wa Uganda alifuata kwa 8:53.34, na Faith Cherotich wa Kenya akawa wa tatu kwa 8:55.15. Mbio ni moja, lakini kwa vyumba vitatu vya habari hizo ni habari tatu. Kwa Manama ni dhahabu. Kwa Kampala ni fedha, au ni taji lililopotea, maana Chemutai ndiye aliyekuwa bingwa wa Tokyo. Kwa Nairobi ni shaba, tena yenye swali ndani yake: Yavi amezaliwa Kenya, je, atajwe hivyo au la?

Vichwa vyote hivyo vya habari ni vya kweli. Vinatofautiana kwa sababu ya maamuzi ambayo mhariri huyafanya usiku, kwa haraka, na mara nyingi bila kuwa yameandikwa popote. Ulinganisho huu ni wa maamuzi hayo, kwa ajili ya redio, gazeti au tovuti ya Afrika Mashariki inayojiandaa kwa Olimpiki, mashindano ya dunia ya riadha au AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika). Msimamo wetu tunautaja mapema. Kila namna ya kupanga matokeo ina hoja yake, lakini anayechagua namna baada ya kuyaona matokeo anayapamba. Chagueni kabla ya siku ya kwanza, andikeni uamuzi kwenye ukurasa mmoja, na zamu zote ziufuate hata siku unapouma.

Dhahabu kwanza au jumla ya medali

Katika namna ya kwanza nchi hupangwa kwa idadi ya dhahabu. Zikilingana huangaliwa fedha, kisha shaba. Ndivyo vinavyofanya vyombo vingi vya Uingereza, China na Afrika Mashariki, na ndivyo tovuti ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) inavyopanga, ingawa Mkataba wa Olimpiki wenyewe unasema Michezo hiyo ni mashindano kati ya wanamichezo, si kati ya nchi. Namna ya pili huhesabu medali zote kwa uzito sawa. Hayo ndiyo mazoea ya vyombo vingi vya Marekani, televisheni ya NBC ikiwemo.

Tofauti yake ilionekana wazi Beijing 2008. Siku ya kufunga, China ilikuwa na dhahabu 51 na jumla ya medali 100, na Marekani dhahabu 36 na jumla 110. Msomaji wa China aliambiwa nchi yake imeongoza dunia, na msomaji wa Marekani akaambiwa vivyo hivyo kuhusu yake. Rio 2016 Uingereza ilipata dhahabu 27 na jumla 67, China dhahabu 26 na jumla 70, kwa hiyo nafasi ya pili ilitegemea gazeti unalosoma. Tokyo, Michezo iliyofanyika 2021, Marekani iliipiku China kwa dhahabu 39 dhidi ya 38. Paris 2024 zililingana kwa dhahabu 40 kwa 40, na fedha ndizo zilizoamua: 44 dhidi ya 27.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa majira ya baridi, Vancouver 2010. Kanada, mwenyeji, ilikuwa imejiwekea lengo la kuongoza kwa jumla ya medali. Ilimaliza ya tatu kwa jumla, ikiwa na 26, nyuma ya Marekani yenye 37 na Ujerumani yenye 30. Lakini kwa dhahabu ilikuwa ya kwanza duniani: 14, dhidi ya 10 za Ujerumani na 9 za Marekani. Mhariri aliyekuwa amezoea jumla alijikuta na kishawishi kikubwa cha kugeuza msimamo wiki ya mwisho. Kishawishi cha namna hiyo kitakuja hata kwenu, na ndiyo sababu uamuzi unapaswa kuwa umeandikwa.

Tuangalie nchi tano za Afrika, Paris 2024. Pointi za safu mbili za mwisho tumezihesabu wenyewe kutokana na medali; 3-2-1 ni pointi 3 kwa dhahabu, 2 kwa fedha na 1 kwa shaba, na 8-2-1 vivyo hivyo.

| Nchi | Dhahabu | Fedha | Shaba | Jumla | Pointi 3-2-1 | Pointi 8-2-1 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kenya | 4 | 2 | 5 | 11 | 21 | 41 |
| Aljeria | 2 | 0 | 1 | 3 | 7 | 17 |
| Afrika Kusini | 1 | 3 | 2 | 6 | 11 | 16 |
| Ethiopia | 1 | 3 | 0 | 4 | 9 | 14 |
| Uganda | 1 | 1 | 0 | 2 | 5 | 10 |

Kenya inaongoza kwa kila kipimo, hivyo mhariri wa Nairobi hana shida hapo. Shida ni ya aliye Algiers na aliye Johannesburg. Kwa dhahabu kwanza Aljeria iko juu ya Afrika Kusini. Kwa jumla Afrika Kusini ina medali mara mbili ya zile za Aljeria. Mtu akija na pendekezo la pointi ili kumaliza ubishi, mwonyesheni safu mbili za kulia. Dhahabu ikipewa pointi 3, Aljeria inashuka chini ya Ethiopia. Ikipewa 8, inapanda juu ya Afrika Kusini. Hakuna uzito ambao dunia imekubaliana, kwa hiyo pointi zinaurudisha uamuzi mikononi mwa mhariri na kuuficha ndani ya hesabu ambayo msikilizaji hawezi kuihakiki akiwa kwenye daladala.

Dhahabu kwanza nayo ina gharama yake. Paris 2024 Pakistan ilipata medali moja tu, dhahabu ya mkuki ya Arshad Nadeem, ikashika nafasi ya 62. India ilipata sita, fedha moja na shaba tano, ikawa ya 71. Ukisoma nafasi peke yake utadhani Pakistan ilikuwa na Michezo mizuri kuliko India.

Pamoja na hayo tunashauri dhahabu kwanza, na safu ya jumla ionekane pembeni kila mara. Msikilizaji wetu ameizoea, inalingana na tovuti ya IOC kwa hiyo makosa hugundulika upesi, na inazuia tatizo moja la jumla ambalo halisemwi sana: baadhi ya michezo hutoa shaba mbili kwa kila uzani. Judo, mieleka, ndondi na taekwondo ziko hivyo. Nchi yenye wapiganaji wengi hupanda kwenye jumla kwa njia ambayo nchi ya wakimbiaji haiwezi, kwani riadha huruhusu nchi washiriki watatu tu kwa mbio moja ya mtu binafsi na hutoa shaba moja.

Kipimo cha idadi ya watu kitumike mara moja, mwishoni, kama habari ya pembeni. Huipeleka juu nchi yoyote ndogo yenye medali moja. Dominica, kisiwa cha watu wapatao 70,000, ilipata dhahabu ya miruko mitatu ya Thea LaFond huko Paris. Kenya, kwa sensa ya 2019 yenye watu milioni 47.6, ilipata medali moja kwa kila watu milioni 4.3. Inapendeza kusoma, lakini haimwambii mtu chochote kuhusu kilichotokea uwanjani.

Kuhusu ujenzi wa jedwali lenyewe, haya ndiyo yanayoharibika mara kwa mara:

- Mtu hupanga safu ya dhahabu peke yake bila kuchagua jedwali zima. Namba zinahama, majina yanabaki, na medali za nchi moja zinaangukia nchi nyingine. Chagueni safu zote kwanza, kisha pangeni kwa dhahabu, fedha, shaba, kwa mfuatano huo, kubwa kwenda ndogo.
- Nchi zinazolingana kwa kila kitu hupewa nafasi moja, na nafasi inayofuata inarukwa. Nchi nne zikiwa za 55, inayofuata ni ya 59.
- Vifupisho vya nchi hudanganya. NIG ni Niger, NGR ni Nigeria. COD ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, CGO ni Kongo ya Brazzaville. Anayeandika kwa Kiswahili kwa wasomaji wa Lubumbashi na Bukavu hana udhuru wa kukosea hilo.
- Msihakiki jedwali kwa kudhani dhahabu, fedha na shaba zitalingana kwa idadi. Tokyo, kuruka juu kwa wanaume kulitoa dhahabu mbili, ya Mutaz Barshim na ya Gianmarco Tamberi, na hakukuwa na fedha.
- Medali ya timu ni moja, hata wachezaji wakiwa ishirini na zaidi.
- Kikosi cha wakimbizi (EOR) si nchi, lakini kimo. Cindy Ngamba alikipatia shaba ya ndondi Paris, medali ya kwanza ya kikosi hicho, na ukichuja jedwali kwa orodha ya nchi utampoteza.

Kwa ukubwa, msichapishe kumi bora peke yake. Tano za juu, kisha nchi zote za Afrika zenye medali, kisha yenu popote ilipo. Kwenye simu mistari kumi na tano inasomeka bila taabu.

Nchi isiyo na medali: nafasi nane za juu

Jedwali la medali lina faida kwa Kenya na Ethiopia. Kwa Tanzania, Burundi na Rwanda mara nyingi huwa ukuta mtupu, na hapa ndipo vyombo vyetu vinapowanyima wasikilizaji habari nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote.

Medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Tangu hapo, kila baada ya miaka minne kichwa cha habari kimekuwa kile kile, kwamba Tanzania imetoka kapa. Lakini Rio 2016 Alphonce Simbu alikuwa wa tano katika marathoni. Tokyo alikuwa wa saba. Katikati yake, 2017, alikuwa amechukua shaba ya dunia jijini London. Kwa aliyefuata msimamo wa medali za Olimpiki peke yake, mtu huyu hakuwepo. Tarehe 15 Septemba 2025 alishinda marathoni ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ule ule wa Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Dawati lililokuwa likiandika nafasi ya tano, ya tatu na ya saba lilikuwa na mwendelezo wa miaka tisa mkononi asubuhi hiyo. Dawati la kapa lilianza kumtafuta mtu huyu ni nani.

Kipimo kipo tayari na ni rasmi. Shirikisho la Riadha la Dunia hutoa jedwali la nafasi nane za juu: mshindi pointi 8, wa pili 7, hadi wa nane pointi 1. Kwenye Olimpiki pia wanane wa kwanza hupewa hati ya kutambuliwa, kwa hiyo nafasi ya nane si namba iliyobuniwa. Kwa hesabu hiyo Simbu aliipa Tanzania pointi 4 Rio na 2 Tokyo. Francine Niyonsaba wa Burundi alikuwa wa tano Tokyo katika mita 10,000, nazo ni pointi 4 kwa nchi ambayo msimamo wa medali haukuitaja kabisa.

Gharama ya namna hii ni kazi. Jedwali la medali linakuja limeshapangwa, la nafasi nane inabidi kulifuatilia. Kwa nchi yenye wanamichezo chini ya kumi hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa nusu saa kila siku. Andaeni mapema karatasi yenye jina la kila mwanamichezo wenu, mchezo, tarehe na saa ya Afrika Mashariki, muda wake bora wa maisha, na rekodi ya taifa. Baada ya kila shindano jazeni nafasi na muda alioupata. Muda bora wa maisha (PB kwenye karatasi za matokeo) au rekodi ya taifa (NR) ni habari hata mtu akitoka kwenye mchujo. Mchezaji wa kuogelea aliyeondoka raundi ya kwanza kwa rekodi ya taifa hakuambulia patupu, na msikilizaji anastahili kuambiwa hivyo bila kupewa matumaini ya uongo ya medali.

Msichanganye tu pointi za nafasi nane na msimamo wa medali kwenye jedwali moja. Na msizilinganishe nchi za michezo tofauti kwa kipimo hiki, kwa kuwa ni cha riadha.

Mshindi kwanza au wetu kwanza

Kuna namna mbili za kuandika sentensi ya kwanza. "Yavi wa Bahrain ashinda, Chemutai wa pili" ni ya mshindi kwanza. "Chemutai atwaa fedha Paris" ni ya wetu kwanza.

Vyombo vya kimataifa vya Kiswahili, BBC na DW miongoni mwao, haviwezi kukwepa namna ya kwanza, maana sentensi moja inasikika Kampala, Nairobi, Goma na Dodoma kwa wakati mmoja. Chombo cha taifa kina uhuru wa kuanza na wake, na tunaona kina haki: mtu aliyewasha redio Kapchorwa anataka kujua kwanza Chemutai amefanyaje. Sharti letu ni moja. Jina la mshindi na muda wake viwe ndani ya sentensi mbili za mwanzo. Habari inayotaja fedha ya nyumbani na kufika aya ya tano bila kusema dhahabu ni ya nani imemficha mtu jambo analolihitaji ili aelewe hiyo fedha ina thamani gani. Chemutai alikuwa nyuma ya rekodi ya Olimpiki kwa sekunde 0.58. Hilo lina uzito kuliko sifa zozote utakazomwaga.

Na kama wenu wawili wana hatima tofauti katika shindano moja? Marathoni ya wanaume Paris ilikuwa hivyo. Eliud Kipchoge, bingwa wa Rio na Tokyo, alijitoa baada ya kilomita 30. Benson Kipruto alichukua shaba. Dhahabu ilikwenda kwa Tamirat Tola wa Ethiopia. Kuanza na Kipchoge kunavuta wasomaji zaidi, hilo halina ubishi. Kuanza na Kipruto ndiko kunakotangaza matokeo. Tunachagua Kipruto kwa kichwa cha matokeo, na Kipchoge apewe habari yake kamili inayojitegemea, kwa sababu anastahili zaidi ya nusu ya sentensi. Na neno liwe sahihi: aliyejitoa (DNF) hakumaliza, hakuwa wa mwisho. Aliyeenguliwa (DQ) alivunja kanuni. Ambaye hakuanza (DNS) huenda aliumia wakati wa kupasha misuli. Msiandike wote "wameshindwa".

Tukirudi kwa Yavi: mtajeni kwa nchi anayoiwakilisha, kila mara, na mahali alipozaliwa mara moja, ndani ya habari. "Mkenya ashinda dhahabu" ni kosa la ukweli, kwa kuwa dhahabu hiyo iliandikwa kwa Bahrain. Kunyamaza kabisa kuhusu Kenya nako kunamnyima msomaji jambo ambalo jirani yake atamweleza ndani ya dakika kumi. Kanuni hiyo hiyo itumike kwa kinyume chake. Kama bingwa wenu amezaliwa kwingine, semeni.

Tumeshinda, wamefungwa

Sikilizeni matangazo ya soka wiki mbili mfululizo. Timu ya taifa ikishinda, mtangazaji husema tumeshinda. Ikipoteza, husema wamefungwa. Anayetangaza mubashara kwa ajili ya watu wa nyumbani anaweza kutumia "sisi", wasikilizaji wanaipenda, na redio ya taifa inayozungumza kana kwamba mchezo haumhusu inachosha. Ila atumie "sisi" kwa dakika zote tisini, pamoja na lile bao la kufungwa. Kwenye taarifa ya habari na maandishi, tumieni jina la timu: Taifa Stars, Harambee Stars, Cranes. Vitenzi navyo vichaguliwe kwa mizani moja. Kama timu yenu ikishinda 1-0 "imetamba", basi mpinzani akiwashinda 1-0 naye ametamba, hajabahatisha.

Muktadha ndio unaoipa sare maana. Tarehe 7 Septemba 2023 Tanzania ilitoka suluhu na Aljeria huko Annaba. Kwa Aljeria, iliyokwisha kufuzu AFCON, ilikuwa mechi ya kukamilisha ratiba. Kwa Tanzania ilikuwa tiketi ya AFCON ya tatu katika historia yake, baada ya 1980 na 2019. Miezi minne baadaye, Januari 2024, Stars ilitoka sare ya 1-1 na Zambia kwenye fainali hizo. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia ikabaki na wachezaji kumi, kisha Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Matokeo yote mawili ni pointi moja. La kwanza ni shangwe, la pili ni maumivu, na anayeandika "Stars yapata pointi ugenini" kwa yote mawili hajaitazama mechi. Hapa wetu kwanza inaruhusu hisia, mradi kadi nyekundu ya Zambia isiachwe nje. Kuiacha kunageuza nafasi iliyopotea kuwa ushujaa.

Penalti si mabao

Tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN (ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani) jijini Nairobi, Kenya na Madagascar zilimaliza 1-1, na Madagascar ikapita kwa mikwaju ya penalti 4-3. Rekodi rasmi ya mchezo kama huo ni sare. Kwa hiyo "Kenya yafungwa 4-3" ni kosa, na "Kenya yatolewa kwa matuta" ni sahihi. Andikeni 1-1, kisha penalti 3-4 kwenye mabano, Kenya ikiwa upande wa kushoto kote. Kosa la kawaida ni kugeuza mpangilio katikati, mabao yakianza na mwenyeji na penalti zikianza na mshindi. Msomaji hawezi tena kujua nani alikosa.

Kwa mechi za mikondo miwili, timu mwenyeji wa siku hiyo ndiyo hutangulia kwenye karatasi rasmi. Vyombo vingi vya nyumbani hutanguliza timu yao kila mara. Tunashauri mfuate karatasi rasmi kwenye jedwali, na kwenye kichwa cha habari mtangulize yenu kwa maneno, mkiepuka kuandika namba bila jina karibu yake.

Haraka au rasmi

Tarehe 5 Agosti 2024, mita 5,000 wanawake: Beatrice Chebet wa kwanza, Faith Kipyegon wa pili, Sifan Hassan wa Uholanzi wa tatu. Muda mfupi baadaye Kipyegon akaenguliwa kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, na Hassan akapanda kwenye fedha. Kenya ikakata rufaa. Usiku huo huo fedha ikarudi kwa Kipyegon. Dawati lililokimbilia kila taarifa lilichapisha misimamo mitatu tofauti ya medali ndani ya saa chache, na picha za ule wa pili ziliendelea kusambaa kwenye simu za watu hadi asubuhi.

Kanuni za riadha zinatoa dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa rasmi kwa ajili ya malalamiko, na dakika nyingine 30 kwa ajili ya rufaa kwa jopo baada ya uamuzi. Mnaweza kuzitumia hivi. Mstari wa kumaliza ukivukwa, chapisheni habari yenye maneno "matokeo ya awali" kwenye sentensi ya kwanza. Jedwali la medali msiliguse. Dakika 30 zikipita bila malalamiko, ongezeni medali na ondoeni neno "awali". Yakiwepo malalamiko, andikeni kwamba yapo, na jedwali libaki lilivyo hadi uamuzi. Kila picha ya jedwali iwe na saa na tarehe ndani ya picha yenyewe, si kwenye maelezo ya chini, kwa sababu picha husambazwa bila maelezo.

Saa hizo ziwe za Afrika Mashariki. Karatasi za Paris ziliandika saa za huko, ambazo wakati wa kiangazi ziko saa moja nyuma yetu: 21:15 ya Paris ni saa nne na robo usiku Dar es Salaam na Nairobi. Tokyo iko saa sita mbele. Kama mnasikika Kongo, kumbukeni Lubumbashi iko saa moja nyuma ya Nairobi, na Kinshasa saa mbili.

Kwa redio yenye taarifa fupi za kila saa, haraka yenye neno "awali" inatosha. Gazeti linalochapwa usiku halina budi kusubiri. Kama fainali inaisha dakika 40 kabla ya kufunga ukurasa, andaeni matoleo mawili ya kichwa cha habari na ya jedwali, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuchagua.

Medali zinazobadilika baada ya miaka

Asbel Kiprop alimaliza wa pili katika mita 1,500 Beijing 2008. Mshindi, Rashid Ramzi wa Bahrain, aligundulika kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na dhahabu ikahamia kwa Kiprop. China nayo ilipoteza dhahabu tatu za Michezo hiyo mwaka 2017, za wanyanyua vyuma watatu wanawake, kwa hiyo zile 51 tulizozitaja mwanzoni leo zinasomeka 48.

Kwa kumbukumbu zenu mna njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha jedwali la zamani papo hapo. Ya pili ni kuliacha lilivyochapishwa na kuweka maelezo juu yake. Kurekebisha kimya kimya ndiko kubaya zaidi, maana aliyenukuu namba ya mwanzo ataonekana mwongo. Tunashauri jedwali jipya lenye tarehe ya marekebisho liwekwe juu, la zamani libaki chini yake, na katika mstari mmoja mtaje jina la aliyepokonywa, jina la aliyepandishwa, na mwaka wa uamuzi. Aliyepandishwa apewe pia habari yake yenye kichwa chake, kwa ukubwa ule ule ambao angepewa siku ya mbio. Hakuimbiwa wimbo wa taifa uwanjani siku ile, na watu wa kwao wengi bado wanamhesabu kuwa wa pili.